Redio Iliyofungwa Homa Bay na Sauti Zilizovuka Mpaka

Mwezi Mei mwaka 1982 kituo kidogo cha redio kilianza kutangaza mjini Homa Bay, ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Kilitangaza kwa Dholuo. Kilizaliwa kwa makubaliano ya serikali ya Kenya na UNESCO, na gharama ya vifaa vyake haikufika dola 25,000 za Marekani. Wanaoandika historia ya utangazaji hukitaja kuwa kituo cha kwanza cha redio ya jamii barani Afrika. Hakikumaliza miaka mitatu. Mwaka 1984 serikali ilikifunga.

Kisa hicho husimuliwa kwa nadra, hata na watu wa redio wenyewe, na jambo hilo linanisikitisha. Anayetaka kuelewa jinsi redio ndogo za leo za Migori, Homa Bay, mkoa wa Mara na visiwa vya ziwani zinavyopokezana habari kupitia intaneti hana budi kuanzia hapo. Maswali yaliyoikabili Homa Bay miaka ile hayajajibiwa mpaka leo: nani aruhusiwe kusema, kwa lugha gani, na sauti yake ikomee wapi.

Siku hizo Homa Bay na Migori hazikuwa kaunti mbili. Zote zilikuwa ndani ya wilaya moja, South Nyanza, na makao makuu ya wilaya yalikuwa Homa Bay. Redio nchini ilikuwa mali ya serikali peke yake. Ilitaifishwa mwaka 1964 ikaitwa Sauti ya Kenya, VOK kwa ufupi, na jina lake la zamani, KBC, likarudi mwaka 1989. Kiswahili na Kiingereza vilikuwa na idhaa zake za taifa. Lugha nyingine zilipewa saa chache kutoka vituo vya mikoani. Mkulima wa Ndhiwa au mvuvi wa Mbita alijua kila siku Rais amezindua nini na wapi. Mambo ya kijiji chake mwenyewe aliyasikia gatini, sokoni na msibani, kama babu yake.

Homa Bay ilikusudiwa kubadili hilo. Malengo yalikuwa mawili: kuutoa utangazaji Nairobi na kuusogeza kwa wananchi, na kuwazungumzia wananchi hao kwa lugha yao. Lakini UNESCO ilikuwa na lengo jingine lililopita Kenya. Ilitaka kuonyesha kwamba redio yaweza kujengwa kwa vifaa vya bei ndogo, mafundi wa kawaida wakaviendesha, na kwamba kilichowezekana kando ya ziwa kingewezekana popote duniani. Hapo ndipo naiona mbegu ya kwanza ya ushirikiano wa kuvuka mipaka. Kabla redio hizi hazijaweza kupelekeana sauti, zilipelekeana ramani ya jinsi ya kujijenga.

Na dunia tayari ilikuwa na mifano. Huko Bolivia, wachimbaji wa madini walikuwa na redio zao tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, zikiendeshwa na vyama vyao vya wafanyakazi. Jeshi lilipopindua serikali Julai 1980, redio hizo za milimani ziliungana hewani, moja ikipokea matangazo ya nyingine na kuyarusha mbele, zikaeleza yanayotokea huku vituo vya mji mkuu vimekamatwa. Ziliendelea hivyo kwa siku kadhaa hadi askari walipozifikia, moja baada ya nyingine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1983, watangazaji wa redio za jamii kutoka nchi mbalimbali walikutana Montreal, Kanada, na mkutano huo ukazaa AMARC, chama chao cha dunia. Wakati Montreal wanakutana, Homa Bay ilikuwa bado hewani.

Mwaka 1982, hata hivyo, ulikuwa mwaka mbaya wa kuzaliwa kwa redio nchini Kenya. Fuata tarehe zenyewe. Mei, Homa Bay inafunguliwa. Juni, Bunge linabadili Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee kinachoruhusiwa na sheria. Tarehe 1 Agosti, askari wa Jeshi la Anga wanaasi, wanateka studio za Sauti ya Kenya mjini Nairobi, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela anaamshwa nyumbani kwake na kulazimishwa kuutangazia umma kuwa serikali imepinduliwa. Uasi ulizimwa siku hiyo hiyo. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mluo, na baada ya hapo watu wa Nyanza walitazamwa kwa jicho la shaka na wenye mamlaka kwa miaka mingi.

Weka sasa kituo kinachotangaza kwa Dholuo katikati ya hali hiyo. Serikali ilikuwa imeona kwa macho yake kwamba ukiishika redio unaishika nchi, japo kwa saa chache tu. Kwa maoni yangu Homa Bay haikufungwa kwa sababu ya lolote ililolitangaza. Ilifungwa kwa sababu ilionyesha kwamba wananchi waweza kuwa na redio yao.

Na mpaka wenyewe ulikuwaje? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa hiyo Homa Bay ilipoanza kutangaza, barabara ya Isebania kwenda Sirari ilikuwa imefungwa kisheria kwa miaka mitano. Ochuka alikuwa amekimbilia Tanzania baada ya uasi. Alirudishwa Kenya mwezi huo huo wa Novemba 1983, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987. Hivyo ndivyo serikali mbili zilivyopatana.

Watu wa kawaida hawakuwa na ugomvi huo. Wajaluo wa Muhuru upande wa Kenya na wa Shirati upande wa Tanzania ni ndugu wa ukoo mmoja. Wakuria vivyo hivyo. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, mstari wao ulipita katikati ya koo: Abanyabasi wako huku na wako kule, Abairege vilevile, Abakira vilevile. Redio ndiyo iliyokataa kuukubali mstari huo. Kutoka Dar es Salaam, Redio Tanzania ilisikika vizuri upande wa Kenya, na katika miaka ya 1970 ilikuwa shule ya wengi. Kampeni yake ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, mmoja anawasha redio, wote wanasikiliza, kisha wanajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Mfumo ule wa kusikiliza kwa kikundi ni babu wa redio ya jamii ya Afrika Mashariki, na sipendi anavyosahauliwa kila mara wafadhili wanapoleta wazo lile lile chini ya jina jipya.

Baada ya 1984 palikuwa kimya. Vyama vingi vilirudi mwaka 1991, redio binafsi zikaanza kupewa masafa katikati ya miaka ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 redio za lugha za mama zikaenea. Redio ya jamii ilirudi kwa kuchelewa, na haikurudi Homa Bay. Ilirudi Ukambani, ambako vikundi vya wanawake vilianzisha Mang'elete. Ikaja Koch FM ya vijana wa Korogocho, Nairobi, iliyoanzia ndani ya kontena, kisha Pamoja FM ya Kibera. Kisumu, shirika la mazingira la Osienala, jina linalomaanisha Marafiki wa Ziwa Viktoria, likaanzisha Radio Lake Victoria. Sheria ilifuata nyuma: marekebisho ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 2009 yaliitambua redio ya jamii kama aina yake ya pekee, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 34, ikalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Kisha redio ikarudi South Nyanza kupitia kisiwa. Mfangano kiko ndani ya Ziwa Viktoria, katika iliyokuja kuwa Kaunti ya Homa Bay. Wenyeji wake wa asili ni Abasuba, ambao kwa masimulizi yao wenyewe walivuka maji kutoka upande wa Uganda vizazi vingi vilivyopita. Lugha yao, Olusuba, imemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo, na UNESCO inaihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Eneo hilo pia lilikuwa kati ya yaliyoumizwa zaidi na UKIMWI nchini. Katikati ya miaka ya 2010 makadirio ya serikali yalionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Homa Bay anaishi na virusi. Hapo kilijengwa kituo cha jamii kilichoitwa Ekialo Kiona. Utaratibu wake ulikuwa wa akili sana: anayetaka kutumia kompyuta na intaneti bila malipo anajiunga uanachama, na sharti la uanachama ni kupima virusi kila baada ya miezi 6. Intaneti ndiyo iliyowavuta vijana kwenye kipimo. Juu ya msingi huo ikawekwa redio, EK-FM, inayotangaza pia kwa Olusuba.

Mfangano inanivutia kuliko vituo vyote vya eneo hili, kwa sababu pale mambo yalikuja kwa mpangilio tofauti na kwingine. Redio nyingi zilianza na mlingoti wa FM, zikaongeza intaneti baadaye kama pambo. Mfangano ilikuwa na intaneti kwanza, redio ikafuata. Watu wake walizoea tangu mwanzo kuona kisiwa chao kama sehemu ya dunia.

Lakini hapo narukia mbele. Kabla intaneti haijawa nyepesi, ushirikiano wa redio hizi ulipitia mitandao ya vyama. Kenya ilikuwa na KCOMNET, Uganda ikawa na COMNETU, Tanzania ikawa na COMNETA, ambayo leo inaitwa TADIO. AMARC upande wa Afrika iliendesha huduma ya habari iliyoitwa Simbani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikikusanya taarifa kutoka kituo hiki na kuzisambaza kwa kile. Tatizo lilikuwa mstari wa mawasiliano. Hadi mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya ilikuwa ikipita kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kipindi cha nusu saa kilisafiri haraka zaidi kikiwa kwenye kaseti au diski ndani ya basi.

Nyaya zile zilipofika, na simu za intaneti zikashuka bei, kila kitu kilibadilika kwa miaka michache. Mwaka 2012 UNESCO, kwa fedha za Sweden, ilianza mradi wa kuziwezesha redio za kijijini kwa teknolojia ya habari, na mradi huo ukaja kugusa nchi 10 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Wanahabari walifundishwa kutumia simu kurekodi, kukata sauti kwenye kompyuta, kuwapata wasikilizaji kwa ujumbe mfupi. Miaka 30 baada ya Homa Bay, shirika lile lile lilikuwa likifanya kazi ile ile, safari hii na simu ya mkononi badala ya mtambo mpya.

Ufundi wenyewe ni mdogo, na ni vizuri msomaji aujue. Kituo cha FM cha jamii hupewa nguvu ndogo ya mtambo, basi husikika eneo dogo tu la kuzunguka mlingoti wake. Ukichukua sauti inayotoka kwenye miksa, ukaiingiza kwenye kompyuta yenye programu ya kuibana, na kompyuta ikaisukuma hadi kwenye seva, mtu yeyote mwenye simu na bando anaisikia: kijana wa Rachuonyo anayelinda jengo huko Doha, muuguzi wa kutoka Awendo aliyeko Marekani. Na kituo kingine kinaweza kuipokea sauti hiyo na kuirusha tena kwa FM yake, kwa wasikilizaji ambao hawana bando wala simu janja. Hii hatua ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mtandao peke yake huwafikia walio nacho. Redio mbili zikishikana, mtandao unakuwa daraja, na FM ya kila upande inafanya kazi ya miguu hadi mlangoni kwa mama asiye na umeme.

Katika kazi za kila siku hata hiyo huonekana ni anasa. Ushirikiano mwingi hupita kwenye WhatsApp. Mwanahabari anamwomba mwenzake wa ng'ambo ya mpaka sauti ya dakika mbili, mwenzake anarekodi, anatuma, na jioni sauti hiyo iko hewani. Hakuna mkataba wala barua ya wizara. TADIO imekwenda mbele zaidi kwa wanachama wake wa Tanzania: ina jukwaa moja la mtandaoni ambapo redio wanachama, Mazingira FM ya Bunda mkoani Mara ikiwa mojawapo, huweka habari na sauti zao pamoja. Redio ya Bunda ikiweka habari pale, redio ya Migori inaweza kuisikia kwa urahisi kama ile ya Dodoma.

Sasa tuangalie kazi inayodai ushirikiano huo kuliko zote, kwa maana ni jambo la uhai wa watoto. Katika Kuria Magharibi na Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, ukeketaji hufanywa kwa misimu, hasa likizo ndefu ya Desemba. Tarime, upande wa Tanzania, ni hivyo hivyo. Sheria zipo: Tanzania iliuharamisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18 mwaka 1998, na Kenya ikatunga sheria kamili dhidi yake mwaka 2011. Lakini polisi wa Kehancha hana mamlaka Tarime, wala wa Tarime hana Kehancha. Wazazi wanajua hilo. Msako ukikazwa upande mmoja, binti anavushwa usiku kwenda kwa shangazi upande wa pili. Wapo pia wasichana wanaovuka mpaka kwa miguu yao wenyewe kuukimbia wembe, na kituo cha Masanga wilayani Tarime kimewahi kuwapokea waliotoka Kenya. Aprili 2019, mawaziri na maofisa wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa kwa ajili ya jambo hili hili, wakakubaliana kushirikiana.

Maofisa wanaweza kukubaliana Mombasa, lakini taarifa kwamba msimu umefunguliwa haitoki Mombasa. Inatoka kwa wazee wa koo, na wazee wa Abanyabasi hawana wa Kenya na wa Tanzania. Hapo redio inayotangaza kwa Kikuria, kama Togotane FM ya Kehancha, ina nguvu ambayo waziri hana: inasikika na kueleweka pande zote mbili. Redio ya upande mmoja inapopata taarifa kuwa wasichana wanavushwa, na ikawa na mwenzake wa kumpigia upande wa pili, kituo cha hifadhi na mwalimu mkuu wa huko wanaweza kujua kabla ya polisi wa nchi mbili kumaliza kuandikiana. Mahojiano ya mzee mmoja aliyesema hadharani kuwa ameacha ukeketaji yakisikika Tarime na Kehancha jioni moja, yana uzito zaidi kuliko mabango yote yaliyopigiliwa barabarani.

Na kuna hatari yake. Jina la msichana likitajwa hewani, limetajwa pande mbili za mpaka. Hana pa kukimbilia tena. Mwanahabari akipewa ujumbe wa sauti ulioshirikishwa mara nyingi, hawezi kujua ulirekodiwa lini na nani. Redio zinazoshirikiana zinahitaji kanuni za pamoja kuhusu mambo haya kabla ya kuhitaji kompyuta mpya. Ukanda wetu haujasahau RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari Rwanda mwaka 1994, wala jinsi baadhi ya redio za lugha za mama zilivyolaumiwa kwa uchochezi Kenya baada ya uchaguzi wa 2007. Kisiwa cha Migingo, kile kipande cha mwamba chenye mabanda ya mabati ambacho Kenya na Uganda zilikigombania kwa maneno makali mwaka 2009, kilionyesha jinsi uvumi wa ufukwe mmoja unavyoweza kuwasha mji mzima. Tiba ya uvumi huo ni kumpigia simu mtangazaji wa upande wa pili na kumuuliza ameona nini.

Ziwa lenyewe ni hoja ya pili. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Dhoruba nyingi huumbika usiku juu ya maji hayo mapana, na mvuvi wa omena ambaye hufanya kazi gizani kwa taa ndiye anayekutana nazo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Kuanzia mwaka 2017, mamlaka za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilifanya kazi pamoja chini ya mradi uliopewa jina la HIGHWAY, kwa msaada wa Uingereza, ili kutoa utabiri na tahadhari kwa wavuvi. Utabiri uliandikwa kwa lugha nyepesi, ukapelekwa kwenye vikundi vya usimamizi wa fuo na kwenye redio. Idara ya hali ya hewa ya Kenya ilikuwa na uzoefu tayari: ilikuwa imeanzisha redio zake za jamii, ya kwanza Kangema mwaka 2008, na nyingine, Bulala FM, huko Budalang'i karibu na ziwa.

Hapa ndipo thamani ya redio kushirikiana inapoonekana bila kuhitaji kuhubiriwa. Mvuvi wa Muhuru Bay akitoka jioni huenda akalala kwenye maji ya Tanzania. Tahadhari aliyoisikia kwa Dholuo kutoka Kenya na ile anayoisikia kwa Kiswahili kutoka Mwanza au Musoma zikipingana, ataamini ipi? Zikisema neno moja, atageuza mtumbwi.

Kwingine katika ukanda huu redio za mtandaoni zimevuka mpaka kwa kulazimika. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi Burundi, vituo vikubwa vya kujitegemea vya Bujumbura vilishambuliwa na kuchomwa ndani ya siku mbili. Wanahabari wakakimbilia Rwanda, na huko wakaanzisha Radio Inzamba na Humura, redio zisizokuwa na mlingoti. Taarifa zilirekodiwa Kigali, zikarudi Burundi kwa WhatsApp na SoundCloud, mtu akampa mtu. Zilidumu miaka. Mwaka 2021, uhusiano wa Rwanda na Burundi ulipoanza kupona, Inzamba na wenzake walioko uhamishoni waliambiwa wanyamaze. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ochuka mwaka 1983: serikali mbili zinapopatana, aliyekimbilia ng'ambo ndiye anayelipa.

Na serikali zetu nyingine hazikukaa kimya. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mtoa huduma kulipa shilingi milioni 1 ya leseni na milioni 1 kila mwaka, juu ya ada ya maombi. Kwa kituo cha kibiashara cha Dar es Salaam hiyo ilikuwa fedha ya kawaida. Kwa kikundi cha vijana wa Rorya ilikuwa ukuta. Mwaka huo huo Uganda iliwaagiza wachapishaji na watangazaji wa mtandaoni wajisajili, na Julai ikaanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2020 kanuni mpya za Tanzania zikadai kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kabla ya redio ya nchini kurusha matangazo ya pamoja na chombo cha nje. Kanuni hiyo ilikusudiwa mashirika makubwa ya habari ya dunia, lakini haikuyatenga na redio ya Kehancha inayotaka kujadili ukeketaji na redio ya Mara. Kwa macho ya kanuni hiyo, shirika kubwa la dunia na redio ya Kehancha vyote vilikuwa chombo cha nje.

Kenya nayo haina haki ya kujisifu. Sheria yake inaitaka redio ya jamii ihudumie jamii inayojulikana, yenye mipaka ya eneo au ya maslahi. Ni maneno mazuri. Lakini Wakuria ni jamii inayojulikana, na nusu yake iko nchi nyingine. Wajaluo wa ziwa ni jamii inayojulikana. Wavuvi wa sangara ni jamii ya maslahi kama ipo yoyote duniani. Leseni inawatambua hadi Isebania, halafu inawasahau.

Nasema haya kwa sababu jambo hili limewahi kutatuliwa penye nia. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuhusu mtandao mmoja wa simu, gharama za kupigiana kuvuka mpaka zikashuka. Wadhibiti wa mawasiliano wa Afrika Mashariki wana chombo chao cha pamoja, EACO, chenye makao Kigali. Kama wafanyabiashara wa simu walipata kikao na uamuzi, redio zinazolinda watoto na wavuvi zinastahili hicho hicho.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, TCRA ya Tanzania na UCC ya Uganda ni moja na ni dogo: tungeni, kupitia EACO, leseni ya redio ya jamii ya mpakani, ambayo kwayo kituo kilichosajiliwa nchi moja kikishirikiana na kituo kilichosajiliwa nchi ya pili kitaweza kurusha kipindi cha pamoja, hewani na mtandaoni, bila kuomba kibali kila mara na bila ada ya kampuni kubwa. Anzeni na Kuria na Tarime. Na kituo cha kwanza kitakachoipata leseni hiyo upande wa Kenya kiwe ndani ya iliyokuwa South Nyanza, kwa sababu watu wa huko walifungiwa redio yao mwaka 1984 na hawajawahi kuelezwa kwa nini.